Mjomba Mruka Viunzi

Tarehe 4 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimepoa na usingizi unapatikana. Mimi ni mzima, ila vidole vimechubuka kwa dawa ya kufulia, kwa hiyo usishangae mwandiko unavyoyumba. Dada yako, yaani mama, hajambo. Aliniletea habari kwa barua aliyoandikiwa na jirani. Anasema umemtupa, lakini anasema huku anacheka. Mwanangu Kifungo ana meno sita na anasimama kwa kushika mguu wa meza.

Sasa jambo lenyewe, Mjomba. Hapa hospitali tuko wanawake kumi na mmoja tunaofua shuka kwa mikono. Wiki iliyopita msimamizi alitusomea karatasi huku ameangalia dirishani. Mashine za kufulia zinakuja mwisho wa Juni. Zikifika, sisi tunatoka, na vyumba vya nyuma tunavyolala tunavirudisha. Hata hivyo vyumba vyenyewe mtoto haruhusiwi, ndiyo maana Kifungo yuko kwa mama, safari ya siku mbili kutoka hapa.

Pembeni ya dirisha la dawa wamebandika tangazo. Kiwanda cha magunia kinataka wakimbiaji watatu wa kike kwa ajili ya timu yake, mbio za mita elfu tatu kuruka viunzi na maji. Ni mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa mbio hizo huko kwenu. Mchujo ni tarehe 14 Juni, kwenye uwanja mkuu. Watatu wa mwanzo wanapata kazi kiwandani na chumba, na mwenye mtoto anakaa na mtoto wake. Hapo pa mtoto nimepasoma mara nne, nikaenda kufua, nikarudi kupasoma tena.

Unakumbuka shuleni nilikuwa sipitwi mpaka nilipoacha darasa la saba. Miguu ninayo. Kuruka ndiko sikujui. Na katika ukoo mzima mruka viunzi ni mmoja, wewe. Ile picha yako, mguu mmoja juu ya kiunzi, mama bado ameitundika sebuleni na hupangusa kioo chake kabla ya kupangusa kitu kingine. Nifundishe, Mjomba, hata kwa karatasi.

Mpwa wako,
Mama Kifungo


Tarehe 1 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako niliipata mapema ila kujibu kulinichukua siku. Kifua ni kilekile, nimekizoea kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Msalimie dada yangu. Mwambie sijamtupa, kazi za uwanjani haziishi. Mwambie pia ile picha ni ya zamani, aitoe, aweke ya mjukuu wake.

Habari za mbio zangu tusizifukue. Nikueleze viunzi.

Usifikirie vile vya watoto wa shule vinavyolala chini ukivigusa. Kiunzi cha mbio hizi ni mti mzito, mraba, unene wa kiganja, umepakwa nyeupe na nyeusi. Watu wawili wakikibeba hupumzika njiani. Ukikigonga, anayesogea ni wewe. Kila mzunguko kuna vinne vya nchi kavu na kimoja cha maji. Kimo chake ni shubiri nne toka ardhini.

Kile cha maji unakikanyaga kwa unyayo, unainama, unajisukuma mbele. Shimo lake lina urefu wa hatua nne kubwa. Karibu na kiunzi maji yanapita goti, halafu sakafu inapanda mpaka maji yanaisha. Tua pale yanapokaribia kuisha, mguu mmoja ulowe. Anayeogopa kulowa huruka mbali mno, akachoka bure. Nimewaona wengi.

Na kaa mbele. Ukiwa katikati ya kundi, migongo ya watu inakuficha kiunzi, unakiona kikiwa kifuani.

Jitunze, mwanangu.
Mjomba wako


Tarehe 22 Machi

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo tena, na ahsante. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika. Mama mzima. Kwenye picha amekataa katakata, anasema mjukuu ataning'inia pembeni yako. Kifungo ametembea! Hatua tatu, akakaa. Ila jirani kaandika pia kwamba anamwita mama yangu "mama". Niliisoma hiyo nikarudi kusuuza, nikasuuza shuka moja mpaka mwenzangu akanipokonya.

Viunzi sina, kwa hiyo nimetengeneza. Ndoo mbili nimezifudikiza, juu yake nimelaza mpini wa fagio, nikaongeza matofali mpaka shubiri nne. Naruka saa ya mapumziko, kati ya kamba za kuanikia. Siku ya kwanza mpiga pasi wetu, yule mwenye mdomo, alitoka na pasi yake mkononi.

"Wewe, unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu."

"Basi ndoo imekukosea nini?"

Nikamwambia najifunza viunzi. Akacheka akakaa chini. "Miaka yote wanaume wanaturuka, leo na wewe umeanza kuruka." Lakini kesho yake yeye ndiye aliyeniinulia mpini kila ulipoanguka, na huanguka sana.

Maji nayo nimeyapata. Karo letu la saruji lina ukingo mpana, na mbele yake kuna mfereji wa maji ya sabuni. Nakanyaga ukingo, naruka mfereji. Kulowa ndiko siwezi, Mjomba. Yale ni maji ya shuka za wagonjwa. Kwa hiyo navuka yote.

Sasa nina maswali. Ukifika mzunguko wa tano, kifua kinafanyaje? Unahesabu hatua kabla ya kiunzi au mguu unajua wenyewe? Na wewe ulikuwa unamaliza kwa dakika ngapi? Nataka kujua nilipo.

Ni mimi, mpwa wako


Tarehe 25 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na poleni na kazi. Nisamehe kukawia. Tumekuwa tukichimbua bomba la shimo la maji, lilikuwa limeziba majani. Huyo mtoto anayeita bibi yake mama usimlaumu. Anamwita anayemwona.

Nimefurahi na nimeogopa. Ule mpini unaoanguka utakuua. Mguu wa nyuma unajifunza uvivu, unazoea kwamba ukigusa kitu kinaondoka. Tafuta mti mzito, ufunge kabisa usisogee. Utaumia kidogo sasa, lakini mguu utajua.

Jambo jingine, na hapa nimecheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilikwambia shubiri nne. Nilipima kwa mkono wangu huu, na hicho ni kimo cha wanaume. Juzi ofisi imetuletea maelekezo kwamba cha wanawake kinashushwa chini, sentimita sabini na sita. Nikaingiwa na hofu. Halafu nikakumbuka mikono ya kwenu. Ukiwa mdogo glavu za mtoto wa jirani zilikuwa zinakuvuka. Pima shubiri yako kwa rula.

Mfereji, sawa. Tafuta siku yenye maji safi ulowe hata mara mbili.

Hayo mengine uliyouliza sina la kukwambia lenye faida. Kila kifua na mwenyewe.

Siku ya mchujo usihangaike kunitafuta. Kutakuwa na watu wengi na mimi nitakuwa na shughuli. Wewe fika, ukimbie, urudi salama.

Mjomba wako


Tarehe 12 Mei

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu mikono miwili. Kifungo alipata homa, imepita, amekonda kidogo.

Nimepima kwa rula ya karani wa dawa. Shubiri yangu ni sentimita kumi na tisa! Mara nne ni sabini na sita kamili. Nilimwonyesha mpiga pasi, akaukamata mkono wangu akaugeuzageuza kama mtu anayenunua samaki. "Kumbe mkono mdogo nao una kazi." Tumecheka mpaka msimamizi akachungulia.

Fundi wa majeneza hapa nyuma amenipa boriti iliyopinda kidogo. Nimeifunga kwa waya kwenye nguzo mbili za kamba, kimo kilekile. Imenichuna muundi mara mbili. Ulisema kweli, mguu umeacha uvivu. Sasa siiangalii tena, Mjomba. Mwili wenyewe unapanda sabini na sita, si sentimita moja zaidi, naokoa nguvu. Siku moja bomba la kusuuzia lilipasuka, maji safi yakajaa mfereji, nikaruka mara tisa nikitua kwa mguu mmoja. Wagonjwa wa wodi ya juu walinipigia makofi, wengine kwa mkono mmoja tu kwa sababu wa pili una bomba la dawa.

Najua umesema nisikutafute. Nitakutafuta. Nitafika asubuhi na mapema. Mama amenituma nikuangalie umezeeka kiasi gani. Sitaki mengi. Simama upande wa maji, nikipita uite jina langu mara moja. Nikikusikia nitajua niko sawa, maana ni wewe uliyepita hapo kabla yangu.

Nimeshaanza kuota chumba. Hata sioti kikubwa. Kitanda kimoja, Kifungo upande wa ukuta.

Mpwa wako


Tarehe 2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Afya ipo.

Usije mapema. Njoo saa ya mbio. Huenda siku hiyo nikatumwa mbali. Nikiwepo au nisipokuwepo, mambo yote muhimu nimeshakwambia.

Nakuombea.
Mjomba


Tarehe 23 Juni

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Habari za siku. Mama ni mzima, Kifungo mzima, ameota jino la saba. Hapa mashine zimeletwa, ziko mbili, nyeupe, bado zimefungwa nailoni. Tunazipita tukienda kufua.

Nikueleze yaliyotokea, kama hujasikia.

Tulikuwa kumi na wanne. Wanaume walitangulia, sisi tukafuata. Bunduki ilipolia nilifanya ulivyonifundisha, nikakaa mbele. Kiunzi cha kwanza nikapita kama napita kizingiti. Cha pili hivyohivyo. Nilikuwa nasikia pumzi za wenzangu nyuma na yangu haijaanza hata kupanda. Nikasema moyoni, leo nachukua mtoto wangu.

Cha tatu, kile cha upande wa mbali, nikaruka sabini na sita. Chenyewe kilikuwa kimebaki kwenye kimo cha wanaume. Goti liligonga mti. Ulisema kweli, kilichosogea ni mimi. Wawili walinikanyaga, wengine waliona wakakizunguka. Wakasimamisha mbio. Watu wakaja na spana, wakakishusha mbele ya macho yetu, na mkubwa mmoja akawa anapayuka, "Nani alipanga hiki? Nani?" 

Baada ya nusu saa wakaanza upya. Niliambiwa nikae, nikakataa. Goti lilikuwa limejaa kama mkate. Nilimaliza wa tisa. Kwenye maji nililowa miguu yote miwili kila mara, maana wa kujisukumia ulikuwa haupo.

Walichukua watatu. Wote wana miguu mizuri, siwaonei wivu. Nawaonea kidogo.

Nilipofika asubuhi nilikuulizia. Waliniambia una shughuli. Basi.

Mama ameniuliza kama nilikuona. Nimemjibu ndiyo, ulisimama upande wa maji ukaniita jina, na umezeeka kidogo tu.

Mpwa wako


Tarehe 20 Julai

Mwanangu,

Sikuandika salamu kwa sababu kila nikianza nazo nazitumia kujificha.

Sijawahi kukimbia mbio zile. Hata siku moja. Nilikuja mjini na nia hiyo, nikapimwa kifua, wakaniambia kifua hiki hakifai hata kukimbilia chakula. Wakanipa kazi ya kupanga viunzi na kujaza shimo la maji. Nimeifanya miaka ishirini na mitatu. Ile picha nilipigwa siku ya kupaka rangi. Niliweka mguu juu ya kiunzi nipumzike, mpiga picha akapita. Nilimtumia dada yangu bila maelezo. Yeye ndiye aliyeongeza maelezo, na mimi nikamwachia, maana ilikuwa tamu. Yote niliyokufundisha niliyaona nikiwa nimechutama ukingoni na ndoo. Ndiyo maana sikujua kifua kinafanyaje mzunguko wa tano.

Siku ile, wanaume walipomaliza, nilianza kushusha viunzi na spana. Nikashusha viwili, na cha maji, na kimoja tena. Kikabaki cha upande wa mbali. Nikainua kichwa nikakuona unakuja kwenye majani umeshika viatu mkononi. Una mwendo wa dada yangu. Niliiacha kazi nikakimbilia stoo, nikafunga mlango. Hizo ndizo mbio pekee nilizowahi kukimbia pale.

Nikasikia ukiwauliza wenzangu, "Namtafuta mjomba wangu, bingwa wa zamani wa viunzi." Wakaangua kicheko. "Bingwa tunaye mmoja tu hapa, bingwa wa kumwaga maji. Angalia stoo." Ukaja ukagonga. Ukasema, "Mjomba, ni mimi." Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na spana mkononi, nikaiweka sakafuni taratibu usisikie. Kiunzi kilikuwa kimenitoka kabisa kichwani. Nilikumbuka bunduki ilipolia.

Ofisini nilikwenda kesho yake nikasema ni mimi. Wamenihamishia lango la nyuma. Kwao ilinichukua usiku mmoja, kwako mwezi na siku. Chumba chako nimekivunja mimi kwa kuona haya.

Sina la kuomba.

Mjomba wako


Tarehe 11 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika hospitali nikiwa nimeshaondoka. Mpiga pasi, ambaye wamembakiza, ndiye aliyeituma huku. Niko kwa mama tangu wiki ya pili ya Julai. Nafua nguo za majumbani, siku tatu kwa wiki. Goti linakunja nusu. Mganga wa zahanati anasema litakunja lote, ila hakusema lini.

Nilidhani nikirudi kwa Kifungo itakuwa furaha. Ananiona mgeni. Nikimnyoshea mikono anakwenda kujificha kwenye sketi ya mama, anachungulia. Bado anamwita mama "mama". Mimi ananiita "wewe". Jana alinipa kipande cha kiazi alichokuwa amekitafuna, halafu akakidai. Nimekirudisha. Ndipo tulipofika.

Sasa nikwambie nami nilichonyamaza. Nilijua kabla ya mbio. Wale wenzako waliponielekeza stoo nilishaelewa, na nikacheka nao kidogo, kumbe huyu bwana ametuweza wote. Sikuona ubaya, Mjomba. Mtu aliyepanga viunzi miaka ishirini na mitatu anavijua kuliko anayevipita. Ningekukumbatia na ovaroli lako. Nikagonga. Nikasikia chuma kikiwekwa sakafuni. Nikangoja, nikahesabu mpaka thelathini, nikaondoka kwenda kuvaa viatu.

Kwa hiyo kukosa kwako kukimbia hakunisumbui. Kiunzi nacho, nikijilazimisha, ni kosa la kazi, spana na haraka. Kinachonirudia nikiwa nafua ni ule mlango. Nimejaribu kuandika kwamba yameisha, nikachana karatasi mbili. Hayajaisha. Labda yataisha, mimi ni mtu wa kutumaini, unanijua. Nimeuliza, kiwanda kitachuja tena mwakani.

Barua yako mama alinitaka nimsomee. Nilimsomea mahali ulipoandika nina mwendo wake, akafurahi, akasimama kutembea niuone. Nikamwambia hayo ndiyo yaliyomo. Lakini ameona ni kurasa mbili, na yeye si mtoto. Toka juzi ananiuliza kwa nini huji, kwa nini mtu aliyesimama upande wa maji akaniita jina hajaja kuniangalia goti. Uongo ule wa kwanza niliusema mimi, nikiwa nimeumia, nikidhani nakuficha wewe. Wa pili siusemi.

Basi la huku linaondoka kwenu Ijumaa alfajiri. Njoo umjibu dada yako mwenyewe. Mlango wetu haufungwi mchana.

Mpwa wako,
Mama Kifungo